Kasi ya intaneti: nani anahesabiwa?

Kuna namna ya kupima kasi ya intaneti duniani bila kumwomba mtu afanye jaribio lolote. Aladin Lite, programu ya kuangalia nyota iliyotengenezwa Strasbourg, Ufaransa, huonyesha anga kwa picha iliyokatwa vipande vidogo vidogo. Ukisogeza picha, mashine ya mbali inatuma vipande vingine. Mashine za namna hiyo huweza kuandika kumbukumbu: saa, ukubwa wa kipande, muda uliotumika, anwani ya aliyeomba. Gawanya ukubwa kwa muda, umepata kasi.

Njia hii ina faida yake. Inakuta watu katika kazi yao ya kawaida, lakini anayefungua programu ya kupima kasi mara nyingi ni yule aliyekwisha kukasirika.

Kwa sisi wa Kongo, namba hiyo ina matatizo. Vipande ni vidogo, kwa hiyo kinachopimwa zaidi ni muda wa kusubiri. Satelaiti za zamani ziko karibu kilomita 36 000 juu yetu; ombi kwenda na jibu kurudi huchukua karibu nusu sekunde, hata kama njia ni tupu. Tena anwani ya antena kama hiyo huweza kuwa imeandikishwa Ulaya. Hapo mtu wa Kindu anahesabiwa kuwa Ulaya!

Lakini kubwa zaidi ni hili: kumbukumbu inaandika waliofika tu. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu siku 20. Kimya kile si kasi ndogo. Ni ukurasa mtupu, na ukurasa mtupu haushushi wastani hata kidogo. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanafunzi wa kijijini aliyesubiri picha mpaka megabaiti zikaisha, akazima simu. Wanaobaki katika hesabu ni wale wa Gombe na wa katikati ya Lubumbashi, nao wanaitwa "Kongo".

Wastani wa namna hiyo ukiwekwa mezani pa wanaoamua nyaya zipite wapi, Kindu haitaonekana kuwa na shida. Kando ya kasi iandikwe idadi ya watu waliopimwa katika kila mji, pamoja na siku ambazo hakuna aliyefika. Kumbukumbu zile zile zinaweza kutoa hesabu hiyo.