Kiolezo cha slaidi za ukoo kiandaliwe kabla ya shughuli

Katika koo nyingi siku hizi yupo kijana mmoja ambaye simu yake huita kila kunapotokea jambo. Awe binti wa chuo au kijana aliyeajiriwa juzi, wazee wamekwisha kumpa cheo bila kikao: "Mwanangu, si wewe unayejua kompyuta?" Kamati ya harusi ikitaka bajeti ionekane ukutani, ni yeye. Bibi akitimiza miaka 80 na wajukuu wakataka picha zake zipite kwenye runinga watu wakiwa wanakula pilau, ni yeye. Na msiba ukiingia, wakati wengine wanatandika mikeka na kubandika masufuria, yeye hukabidhiwa bahasha ya picha za zamani na daftari lenye wasifu wa marehemu ulioandikwa kwa kalamu mbili tofauti, akaambiwa kesho saa nne asubuhi kila kitu kiwe tayari.

Anachofanya usiku huo kinajulikana. Anafungua faili la msiba uliopita, analihifadhi kwa jina jipya, kisha anaanza kufuta na kuandika upya. Balaa huanzia hapo. Faili lina slaidi 20, yeye kabadilisha 19. Katika ile ya mwisho, penye maneno ya shukrani, limebaki jina la marehemu wa mwaka juzi. Au tarehe ya kuzaliwa imerekebishwa kwenye slaidi ya kwanza, ikasahaulika ya katikati. Au, kubwa kuliko yote, orodha ya watoto ina neno "marehemu" mbele ya jina la mtu aliyekaa mstari wa mbele, mzima wa afya, akisoma kama wengine. Watu husema ni bahati mbaya, usingizi, kijana alichoka. Lakini mjane hasahau, na shangazi wa upande ule kapata la kusimulia kwa miaka kumi.

Kumgombeza kijana hakusaidii. Tatizo ni kuanza kazi mpya juu ya faili lililokwisha kujazwa. Kinachotakiwa ni kiolezo, yaani faili lenye sura, rangi na nafasi za kujaza, lisilo na jina la mtu yeyote ndani yake. Tofauti yake na faili la zamani ni kama ile ya fomu tupu na fomu ya jirani iliyofutwafutwa kwa raba.

Programu inayotumika zaidi kwa kazi hii ni PowerPoint. Ilitoka mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, ikatengenezwa na kampuni ya Forethought, na mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni hiyo. Walengwa walikuwa watu wa maofisini wenye bidhaa na mipango ya kueleza. Hakuna aliyefikiria kwamba ingekuja kusomea wasifu wa babu chini ya turubai, lakini uwezo wa kutengeneza kiolezo umo ndani yake na familia nyingi hazijawahi kuugusa.

Kazi ifanyike kwenye kompyuta, si kwenye simu. La kwanza ni kuchagua ukubwa wa slaidi. Runinga za kisasa ni pana, kwa uwiano wa 16:9, na ndio uwiano ambao PowerPoint huanza nao tangu toleo la 2013. Projekta za zamani, ambazo bado zipo kwenye kumbi nyingi za makanisa na shule, ni za 4:3. Uamuzi huu ufanywe mapema, maana ukibadilishwa baada ya picha kupangwa, mpangilio mzima huvurugika na sura za watu zinaweza kuvutika.

Baada ya hapo hufunguliwa menyu ya "View" na kubonyezwa "Slide Master". Upande wa kushoto hujitokeza safu ya slaidi ndogo. Ile kubwa ya juu ndiyo mama, na zilizo chini yake ni mipangilio, yaani watoto wake. Aina ya herufi, rangi na mandhari vikibadilishwa kwa mama, watoto wote hufuata. Herufi zichaguliwe zile zinazopatikana kwenye kompyuta nyingi, kama Arial au Calibri. Zile za mapambo zenye mikia hupendeza nyumbani, lakini kompyuta ya ukumbini isipokuwa nazo itaweka nyingine ya kubahatisha na mistari itahama.

Sasa linakuja jambo ambalo wengi hulikosea. Ndani ya ukurasa huo wa mama na watoto, mtu akichora kisanduku cha kawaida na kuandika neno, neno hilo litaganda kwenye kila slaidi ya mpangilio huo na halitaweza kubadilishwa wakati wa kujaza. Kinachotakiwa ni kuchagua mpangilio mmoja wa watoto na kubonyeza "Insert Placeholder", halafu kuchagua nafasi ya maandishi au nafasi ya picha. Nafasi hiyo huja na maneno ya Kiingereza ya kumwelekeza mtumiaji, nayo yanaweza kufutwa yakawekwa ya nyumbani: "Andika majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho", "Weka picha ya peke yake, si ya kundi". Maneno hayo huonekana kwa anayejaza tu. Slaidi zikianza kuonyeshwa, nafasi isiyojazwa haionekani kabisa. Maana yake, kijana akisahau jambo saa nane za usiku, ukumbi utaona pengo, hautaona jina la marehemu mwingine. Pengo mtu anaweza kulizungumzia na likapita.

Nafasi ya picha nayo ina tabia yake. Picha ikiingizwa, programu huikata ili ijae fremu, na picha ndefu ya zamani iliyopigwa studio ikiwekwa kwenye fremu ya mlalo inaweza kupoteza kichwa au miguu. Bora kuandaa mipangilio miwili, mmoja wa picha za wima na mwingine wa za mlalo. Ikibidi, kitufe cha "Crop" huwezesha kuisogeza picha ndani ya fremu mpaka uso ukae sawa. Ndugu nao waombwe kutuma picha kwa WhatsApp kama dokumenti, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa, na kwenye ukuta wa ukumbi ukungu wake huonekana.

Hadi hapa ni mambo ya kompyuta. Yanayofuata ni ya ukoo, na ndiyo magumu.

Kiolezo kina nafasi, na kila nafasi ina jina. Anayeandika "Mjane" mara moja, kwa nafasi moja, kwisha kuamua jambo. Je, mzee aliyeacha nyumba mbili? Anayeandika "Watoto" na kuweka mistari minne, watoto saba watakaa wapi, na yule aliyezaliwa kabla ya ndoa ataandikwa wa kwanza kwa umri au wa mwisho kwa aibu? Mtoto wa kulelewa, ambaye ndiye aliyemuuguza marehemu mpaka dakika ya mwisho, atakuwa kwenye slaidi ya watoto au ya "ndugu na jamaa"? Binti wa miaka 22 aliyeachwa na kompyuta sebuleni usiku wa msiba hana mamlaka ya kujibu maswali hayo. Lakini atayajibu tu, kwa sababu kesho saa nne haimsubiri, na jibu lolote litasomwa kwamba kachukua upande.

Ndiyo sababu kiolezo kinafaa kutengenezwa wakati hakuna aliyekufa na hakuna anayeoa. Familia zinazokutana nyumbani mwisho wa mwaka zina nafasi nzuri, wazee wakiwa wapo na hasira zikiwa chache. Slaidi tupu zioneshwe kwenye runinga na zizungumzwe moja baada ya nyingine. Wengine watakubaliana kuandika watoto wote kwa umri bila kutaja mama. Wengine watataka kila nyumba iwe na slaidi yake, kwa ukubwa uleule wa herufi. Ukoo hauhitaji kuiga wa jirani, mradi makubaliano yawe yamefanywa na wenye haki ya kukubaliana, kisha kijana ajaze tu. Wajukuu, wakiwa wengi, waandikwe kwa idadi. Majina 40 kwenye slaidi moja hayasomeki, na asiyeliona lake atadhani kaachwa.

Kuhusu kusomeka, programu hupunguza herufi yenyewe maneno yanapozidi nafasi. Inaonekana kama msaada, kumbe ndiyo inayoleta zile slaidi ambazo bibi anazitazama bila kuona kitu. Kwenye mipangilio ya maandishi ya kila nafasi kuna chaguo la "Do not Autofit", nalo likiwekwa pale kwenye slaidi mama na watoto wake, maneno yakizidi yatamwagikia nje ya nafasi, na anayejaza atajua kwamba ni wakati wa kufungua slaidi ya pili.

Kiolezo kinaweza pia kubeba slaidi ya mwanzo iliyofichwa kwa "Hide Slide", isiyoonekana wakati wa maonyesho. Humo iwekwe orodha ya vitu vya kukusanya: majina, tarehe, shule na kazi, picha, na nafasi ya jina la mzee mmoja wa kila upande aliyesoma kila kitu kabla hakijapelekwa ukumbini. Sehemu hii ya mwisho isiachwe kwa aibu ya kumsumbua mtu mzima usiku. Mzee kuamshwa saa tano kusoma majina ni afadhali kuliko kuyasahihisha kwa kipaza sauti.

Harusi ina kiolezo chake, na ugumu wake ni mdogo. Rangi za kamati hubadilika kila mara, kwa hiyo zisipakwe slaidi moja moja. Zichaguliwe kwenye orodha ya "Colors" palepale kwenye "Slide Master", na mwaka ujao wakitaka zambarau badala ya kijani, mabadiliko yatafanyika mara moja kwa faili zima. Maandishi ya dhahabu juu ya nyeupe yaepukwe hata bibi harusi akiyapenda. Kwenye ukumbi wenye madirisha makubwa mchana hayaonekani.

Kazi ikikamilika, kwenye "Save As" ichaguliwe aina ya faili inayoitwa "PowerPoint Template". Faili litapata mkia wa .potx na kwa kawaida litakwenda lenyewe kwenye folda ya violezo iliyo ndani ya "Documents". Faida ya mkia huo ni kwamba mtu akilibofya mara mbili, programu humfungulia nakala mpya isiyo na jina, na kiolezo chenyewe kinabaki kama kilivyokuwa. Wasio na leseni ya PowerPoint wanaweza kutumia LibreOffice Impress, ambayo ni ya bure na huhifadhi violezo kwa mkia wa .otp. Wanaotumia Google Slides watapata slaidi mama chini ya "Edit theme". Kwa akaunti za kawaida njia rahisi ni kutunza faili moja tupu, kuwapa ndugu ruhusa ya kulitazama bila kulihariri, na kila mwenye shughuli atengeneze nakala yake.

Faili hilo lisikae kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Kijana ataoa, atahamishiwa Dodoma, au ataibiwa begi kwenye basi. Litumwe kwa barua pepe kwa ndugu wengine wawili, likiwa na mwaka kwenye jina lake, na mmoja wao akae nalo siku nzima mwenye ujuzi akiwa bado yupo karibu, ajaze slaidi zote kwa majina ya kubuni mpaka mwisho.