Muulize Mwenyewe

Mpenzi msomaji, mwezi huu nakuletea stori ya kitabu cha nota kilichoinusuru ndoa yangu. Usicheke, ni kweli tupu.

Unayajua maisha yetu sisi tuliohamia Dodoma na ofisi za serikali. Mimi naishi huku Kisasa, mume wangu yuko Dar kikazi, anakuja Ijumaa na kurudi Jumapili. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 safari imekuwa nyepesi, lakini siku tano za katikati ni nyingi, na maneno ya watu hayakati tiketi.

Shosti wa kwanza aliniambia kamwona shemeji anakula na dada mmoja. Kwa shosti wa pili, walikuwa wameshikana mikono. Kwa wa tatu, kuna mtoto! Nilichoka. Jumatano usiku nikaandika SMS ndefu, ya kumaliza kila kitu. Sikuituma. Nilitaka kwanza nimtazame usoni.

Ijumaa akaingia amekumbatia kitabu chenye jalada la bluu kama mtoto mchanga. Mume wangu anapiga kinanda kanisani, na hiyo ilikuwa sonata ya piano ya Franz Liszt, mpiga piano mashuhuri wa karne ya 19. Aliponitajia bei nikamvaa: "Hela yote hiyo, na nota zenyewe ziko bure kwenye intaneti?"

Hakukasirika. Akaniketisha, akanieleza. Liszt aliimaliza sonata hiyo mwaka 1853, ikachapwa 1854. Ni muziki wa kama nusu saa, unapigwa bila kusimama. Baadaye waliokuja kuichapa upya wakatia na ya kwao: hapa ongeza sauti, hapa punguza mwendo, hapa tumia kidole hiki. Mwanafunzi akinunua anadhani yote kayasema Liszt. Toleo la kitaalamu ni kazi ya mhariri anayerudi kwenye muswada wa mkono na chapa ya kwanza, akalinganisha nota kwa nota. Pale vinapopingana, anaeleza amechagua nini na kwa nini.

"Hata hapa Ugogoni," akaniambia, "yule Mhispania Polo Vallejo, aliyeandika nota za nyimbo za watoto wa Kigogo kwenye kitabu kilichotoka 2004, hakusimuliwa. Alikuja vijijini akawasikiliza wenyewe."

Nikanyamaza. Mimi nilikuwa nimeandika talaka kwa kutumia toleo la mtu wa tatu.

Basi nikamuuliza. Akashusha pumzi. Mikono hawakushikana, mtoto hayupo. Ila ni kweli alikula na mfanyakazi mwenzake, si mara moja, mara mbili, na alinificha kwa sababu nyumba ya Dar ikiwa tupu jioni inamtisha, na aliona aibu kuniambia. Iliniuma, sikudanganyi. Lakini hilo lilikuwa neno lake mwenyewe, na la kwake tunaweza kulijadili. La mashosti ningelijadili na nani? Tuliongea mpaka jogoo wakawika. Tukakubaliana kwamba yanayotuhusu niyasikie kwanza kutoka kwake, hata yakiwa machungu.

Asubuhi akanionyesha kitu kimoja cha mwisho. Muswada wa Liszt umehifadhiwa kwenye maktaba ya Morgan, New York. Mwanzoni sonata ilimalizika kwa kishindo. Liszt akaukata mwisho ule kwa kalamu, akaandika mwingine wa taratibu, unaozimika polepole. Huo ndio unaopigwa mpaka leo.

Nikachukua simu yangu, nikaifuta ile SMS.

Na wewe, mpenzi msomaji, maneno uliyonayo kuhusu mwenzako umeyatoa kwake, au kwa waliotia chumvi? Kabla hujabonyeza kutuma, muulize mwenyewe. Tukutane mwezi ujao.