Kovu la Mama Lisisahauliwe

Hapa Bunia kama po pote, mama aliyejifungua kwa kupasuliwa hubaki na kovu katika kizazi. Mara chache mimba mpya hujishika papo hapo, na kondo la nyuma hupenya ndani mno, kama mti uotao katika ufa wa ukuta. Likivutwa, damu humwagika vibaya.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliwatazama akina mama ambao kondo lilifunika mlango wa kizazi. Kati ya waliopasuliwa mara ya kwanza, liling'ang'ania kwa 3 katika 100. Mara ya tatu, kwa 40.

Mara nyingi tiba ni kuondoa kizazi chote. Lakini hatari ikijulikana mapema, madaktari huweza kukata sehemu ya kovu tu na kuishona. Mimba hiyo hupotea, lakini kizazi hubaki.

Basi mama mwenye kovu apigwe ekografi mapema, ajisikiapo tu kuwa mja mzito. Nanyi waume, damu ikizidi na daktari akisema kizazi kiondolewe, msikawie. Watoto walioko nyumbani wamhitaji mama yao.