Nani Kasema Heshima ni Kijivu?

Mwezi uliopita nilikaa katika kikao cha maandalizi ya arusi hapa Bagamoyo. Mama mmoja wa makamo alipendekeza sare ya wazazi iwe kitenge cha manjano na zambarau. Mzee mwenzangu akakohoa, akasema hizo ni rangi za watoto. Watu wazima watafute kitu kilichotulia, kijivu au kahawia. Vichwa vikatikiswa kukubali, na yule mama akainamia daftari lake. Mimi nami nilinyamaza. Yaliyonipasa kuyasema pale nayasema sasa.

Nasema kwamba fikra ya kuwa mtu akikomaa hana budi afifie si mila ya pwani hii. Tumeiazima, tena bila kumwuliza mwenye nayo aliivaa kwa sababu gani.

Hebu tuanze na kaniki. Katika karne ya 19 misafara ya bara ilianzia na kuishia hapa Bagamoyo, na nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani. Kulikuwa na merikani, kitambaa kisichotiwa rangi kilicholetwa na wafanyabiashara wa Salem kutoka viwanda vya Marekani. Kulikuwa na kaniki ya Bara Hindi, iliyochovywa katika nili mpaka ikakaribia weusi. Hizo mbili zilikuwa nguo za watu wa chini, na mtumwa alivishwa hizo. Waungwana walijifunga debwani na barsati, na hariri za Maskati zenye wekundu na manjano ya kuonekana toka mbali. Kiongozi wa msafara alilazimika kujua kila nchi ya bara inapenda rangi gani mwaka ule, maana akikosea hununuliwi chakula kwa kitambaa chake. Elimu hiyo ya rangi ilikuwa ya watu wazima wenye mali na madeni. Watoto hawakuwa na habari nayo.

Ndipo mwishoni mwa karne ile ikaja kanga. Husimuliwa kwamba wanawake walinunua leso za rangi zikiwa hazijakatwa, wakaziunga sita kuwa nguo moja. Utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, waliokuwa wamevishwa kaniki waliiacha wakanunua kanga. Wanahistoria wa Unguja wameliandika jambo hili kwa urefu. Hati ya uhuru hukaa sandukuni, lakini kanga mtu hutoka nayo barabarani, na jirani akaiona. Leo mjukuu wa watu hao akimwambia mama yake, "Umri wako huo, vaa rangi iliyopoa," hajui anamrudishia nini mabegani.

Kijivu tulikipata ofisini. Karani aliiga suti ya bwana wake, na bwana wake alitoka katika nchi ya mawingu na moshi wa makaa ya mawe. Hata huko kwao si jambo la kale: mpaka karne ya 18 mabwana wakubwa wa Ulaya walivaa hariri nyekundu na samawati, na suti ya giza ikatawala katika karne ya 19. Kwa hiyo mila tunayoililia si ya baba zetu, wala si ya babu zao wale mabwana.

Wapo watakaonikumbusha Operesheni Vijana. Naikumbuka, nilikuwa kijana wa shule. Ilitangazwa mwaka 1968 kupiga vita nguo fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua. Rangi haikuwamo katika mashtaka hayo. Mwaka huo huo Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kikawa kinatoa kanga na vitenge vya rangi kali kwa taifa zima.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linaniuma, maana nami nimekosa. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, asubuhi moja wanachuo walikuwa wanapanda lori kwenda mazoezi ya kufundisha. Mmoja wao, mama wa watoto watatu aliyekwisha kufundisha miaka kadhaa kabla ya kuja kwetu, alivaa gauni la kitenge cha rangi ya chungwa, refu, limepigwa pasi, mstari wa buluu umezunguka shingo. Nikamteremsha. Nilimwambia mwalimu si kipepeo. Akajibu, "Mkuu, hii ndiyo nguo yangu nzuri kuliko zote." Nikamwambia akabadili.

Aliazima sketi ya kijivu ya mwenzake, kubwa kwake, akaibana kiunoni kwa pini. Nilikaa nyuma ya darasa lake siku hiyo. Mkono mmoja uliandika ubaoni, wa pili ulishikilia sketi, na hakugeuka kuwatazama watoto ila alipolazimika. Katika fomu, mahali palipoandikwa "kujiamini mbele ya darasa", nilimpa alama ya chini. Sikuiona aibu yake siku ile. Nimekuja kuiona baada ya kustaafu, na fomu hiyo siwezi tena kuisahihisha.

Sisemi kila rangi ni sawa mahali pote. Matangani tunajua tuvaeje. Sina ugomvi na buibui pia: sitara ni jambo jingine, na aliyewahi kukaa uani na wenye mabuibui anajua kwamba kilichomo ndani yake si kijivu. Tena nakiri wapo wanaovaa rangi kitoto, juu maua, chini madoa, kichwani mistari, na mkoba unaong'aa kuliko vyote.

Lakini dawa ya hayo tunayo nyumbani. Tazameni kanga ilivyopangwa: pindo huzunguka, mji hukaa katikati, jina likasema neno moja basi. Kisutu kina rangi tatu tu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, nacho hakikosekani katika vifaa vya bibi arusi. Sijamsikia mtu akikiita cha kitoto. Mtu mzima huchagua rangi moja iongoze, na zilizobaki huzipa kazi ya kuitikia. Nguo yake imeshonwa kwa kipimo chake cha leo, si cha mwaka ule alipoolewa. Viatu vimenyamaza. Kama kitenge kina mambo mengi, mshono uwe mwepesi, bila marinda juu ya marinda.

Sare ya arusi yetu bado haijanunuliwa. Nimempelekea mwenyekiti wa kikao ujumbe kwamba naunga mkono manjano na zambarau, na kwamba akipungukiwa nauli ya kwenda madukani Mtaa wa Uhuru, mimi nitaichangia. Shati langu litatoka katika kitenge hicho hicho, mikono mirefu, na suruali nyeupe isiyo na neno. Fundi ameniuliza mara mbili kama nina hakika na manjano. Nimemwambia apime mabega kwa makini, kwani ndiyo yaliyoshuka.