Hapana ya Yangeyange

JUMATATU. Stendi ya Mwanga imefurika. Wiki hii kila basi la kutoka Dar linashusha Wapare wanaorudi milimani kula Krismasi. Tulipanda Ngujini kwa bodaboda tatu: moja yangu, moja ya wajukuu zangu wawili, na ya tatu ya gunia la mchele, ambalo ndilo lililofika bila kulalamika.

JUMANNE. Mvua, matope, watoto ndani na simu. Wanatazama *The Lion Guard* ya Disney, ile sehemu ya Krismasi iliyotoka Desemba 2017. Bunga, nyegere mtukutu, anawaeleza wenzake sikukuu wasiyoijua, kisha wote wanahangaika kuwafurahisha Timon na Pumbaa, waliomlea. Hapo sina ugomvi. Mlezi kuandaliwa sikukuu ni jambo tunalolifahamu. Lile gunia la mchele lilipanda mlima kwa sababu hiyo hiyo.

Ugomvi wangu ni na Ono. Huyu ni yangeyange, mlinzi wa angani, na akiona balaa hupaza sauti: "Hapana!" Hapana ipi? Nani kamuuliza nini? Mtu wa hapa akiona lori limekatika breki atasema "Mungu wangu!" akiwa tayari yuko mtaroni. Fuli, yule duma, angalau "Huwezi!" yake ina mantiki. Kwa jumla Kiswahili kimetiwa humo kama iliki kwenye chai: wanataka harufu, si kutafuna.

Ila watoto hawajali. Wakisikia neno lao kwenye katuni ya Marekani wanatazamana na kucheka kama waliotajwa majina redioni.

ALHAMISI. Mama yangu kawasemesha Kipare. Wamemwitikia "Marahaba," kisha wakagundua kosa, wakamwamkia upya. Wamezaliwa Dar; Ono wanamwelewa kuliko bibi yao mkuu. Nimejaribu kumlaumu mtu, nikaona wa karibu zaidi ni mimi.

Mdogo kaniuliza kama Akili anakaa karibu. Anamsema yule mtoto wa miaka minne wa *Akili and Me*, katuni ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam, anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Nimemwambia ndiyo, jirani kabisa. Akili naye anazungumza Kiswahili. Kipare hakijapata hata mjusi wa kukisemea.

IJUMAA. Mazoezi ya igizo kanisani. Wachungaji wetu wa Bethlehemu wamejifunga vitenge na kushika fimbo ambazo asubuhi zilikuwa zinaswaga mbuzi. Nikakumbuka *A Charlie Brown Christmas* ya 1965: mtoto anasimama jukwaani, anakariri Injili ya Luka, basi. Katuni hiyo haikuwa na rafiki mweusi. Rafiki huyo, Franklin, aliingia kwenye vibonzo vya Charlie Brown 1968, baada ya mwalimu mmoja wa California, Harriet Glickman, kumwandikia mchoraji Charles Schulz. Halafu 1973, kwenye katuni ya sikukuu ya shukrani, wakamketisha peke yake upande mmoja wa meza. Sinia letu ni la duara, na bado watoto wanagombania upande wenye nyama.

JUMAMOSI. Makande yameiva, simu bado inapiga kelele kwenye mkeka. Ono kaona balaa lake, akapaza "Hapana!" Mama akatokeza kichwa jikoni, mwiko mkononi, kwa Kiswahili ambacho watoto hawakujua kama anacho:

"Nani kakataa makande?"