Ununuzi wa Umma: Baada ya Zabuni, Mzigo na Malipo
Tangu mwaka 2023 zabuni za Serikali nchini zinapita katika mfumo wa kielektroniki wa NeST, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huo inazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu, wakiwamo vijana na wanawake. Hatua hiyo ni kubwa. Hata hivyo, kushinda zabuni ni mwanzo tu wa mnyororo wa ugavi. Kikundi cha vijana kinachotengeneza madawati ya shule hukopa fedha za mbao kabla ya kulipwa. Malipo yakichelewa, riba humeza faida, na bei ya zabuni inayofuata hupanda. Sekta binafsi huhesabu kila siku ambayo mzigo umelala ghalani kuwa gharama. Maofisa ugavi wa umma nao wapimwe kwa siku zinazopita kati ya kupokea mzigo na kulipa ankara.