Dunia Imeingia kwa Mlango wa Mbele

Kila Jumapili tunaambiwa dunia imetuteka: TikTok, klabu, pombe, mavazi. Eti ndiyo maana vijana wamehepa kanisa. Zii. Dunia ilishaingia kanisani kitambo, na haikupitia kwa simu zetu. Ilikuja na msafara wa magari, ikakalishwa kiti cha mbele, ikapewa maikrofoni.

Machi 2025, Rais Ruto alitangaza mchango wa shilingi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry, Roysambu. Jumapili iliyofuata, vijana walioandamana walikutana na vitoza machozi. Sasa hapo, nani amempa Mungu kisogo?

Mtasema pesa hizo zinajenga. Sawa, lakini Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza mchango wa Rais kwa kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, urudishwe. Misa haikusimama.

Mnataka turudi? Anzeni hapo. Mheshimiwa akija, akae kama muumini mwingine, asikize neno, atoe sadaka kimyakimya kama mama mboga. Imani hatujaitupa. Tumekataa tu kupigia bahasha makofi.